Kibali cha Nyumba ya Kaka

Fomu ya kuomba kujenga nyumba katika kijiji chetu kipya ilikuwa na mistari saba ya kujaza. Sita niliijaza kwa dakika chache tu, nikiwa nimekalia debe mbele ya mlango wa mama. Ule mmoja uliobaki ulinisumbua kwa miezi mingi, na hadi leo nikiukumbuka natamani kumtafuta aliyeutunga nimwulize alikuwa na akili gani. Uliandikwa hivi: "Jina la mwanamume mwenye nyumba."

Kwetu hapakuwa na mwanamume. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, akamwacha mama na mabinti watatu. Dada zangu wakubwa waliolewa, mmoja Nkende, jirani na mji wa Tarime, mwingine mbali kule Morotonga, upande wa Serengeti. Mimi wa mwisho nilisoma, nikapata mafunzo ya ualimu, nikarudi kufundisha darasa la kwanza katika shule ya kijiji. Kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumbani kwetu ilikuwa yangu. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei ya chumvi na kusalimia wageni.

Mama alikuwa amefanya kama wanavyofanya wanawake wengi wa Kikurya wasio na mtoto wa kiume. Alichukua ng'ombe wa mahari ya dada zangu, akaoa. Alioa msichana kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa idhini ya ukoo wote, na wazee wakala na kunywa siku nzima. Ndoa hiyo kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Msichana haolewi na mama mwenyewe. Anaolewa na nyumba yake, kwa jina la yule mtoto wa kiume ambaye mama angemzaa kama Mungu angependa. Mwanamume wa kuzaa naye huchaguliwa kwa adabu, na watoto watakaozaliwa ni wajukuu wa mama, wanabeba jina la baba yangu. Nilimwita yule msichana wifi tangu siku alipoingia, naye akaniita wifi, na hakuna mtu kijijini aliyeona ajabu.

Huko mlimani tulikokuwa zamani, nyumba yake isingekuwa na mjadala. Kila mwanamke aliyeolewa alikuwa na nyumba yake kando ya zizi. Akija mke mpya, wanaume wa ukoo wanakata fito, wanawake wanachota maji na kukanyaga udongo, na baada ya wiki mbili moshi unatoka. Lakini operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa ilikuwa imetushusha barabarani. Tulipimiwa viwanja kwa kamba, kwenye mstari ulionyooka, kaya moja kiwanja kimoja, kiwanja kimoja nyumba moja, na kila mlango uelekee barabara. Zizi likawekwa nyuma. Mama alilalamika kila asubuhi kwamba amepewa nyumba inayowapa mgongo ng'ombe wake, na alikuwa anasema kweli.

Ukitaka kuongeza nyumba, ulihitaji kibali. Mwenyekiti wa kijiji atie sahihi, katibu kata atie sahihi, kisha ofisi ya mjini igonge muhuri. Choo kiwe kimechimbwa kabla, madirisha yawe mawili, na mtu aje kuhesabu hatua kutoka barabarani. Jirani yetu mmoja alijenga jiko bila karatasi, akaamriwa alibomoe kwa mikono yake mwenyewe huku mgambo wawili wamesimama wanamwangalia. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu hata kusimika nguzo.

Basi wifi alilala chumba kimoja na mama, mkeka kwa kitanda, na mimi chumba cha pili pamoja na magunia ya mtama. Alikuwa mkimya, mrefu, mwenye mikono ya kazi. Sikumbuki kama katika miezi ile ya mwanzo nilimwuliza jambo lolote zaidi ya kama maji yameisha mtungini. Tumbo lake lilipoanza kuonekana, mama alifurahi mpaka akawa anaimba akikamua.

Ndipo baba yake akaja. Alikuja asubuhi, akakataa kiti, akasimama uani na fimbo yake akiangalia ile nyumba yetu moja kana kwamba kuna kitu kimeibiwa.

"Mkwe," alimwambia mama, "mimi nilitoa binti kwa nyumba. Sasa nyumba iko wapi?"

"Tunangoja karatasi, mkwe."

"Karatasi? Binti yangu anapikia kwenye karatasi?"

Mama akanitazama nimsaidie. Nilianza kueleza habari za sahihi na muhuri, yule mzee akanikatiza kwa kuinua kiganja.

"Mwalimu, wewe ni mtoto wangu, sitagombana na wewe. Lakini mtoto wa mtu hazaliwi kwa wageni. Mvua ya kupandia ikianguka kabla hajapata mlango wake mwenyewe, namchukua. Ng'ombe wenu nitawarudisha wote. Nitatafuta watu wenye nyumba."

Akaondoka bila hata kunywa maji. Mama alikaa chini palepale uani. Kwake haikuwa habari ya ng'ombe. Wifi akiondoka na lile tumbo, nyumba ya baba yangu ilikuwa imekwisha. Mimi nami ningeolewa siku moja niende kwa watu, na mama angezeekea katika kile kiwanja peke yake kama mtu asiyewahi kuzaa. Alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye unayejua maandishi. Nenda kaseme nao."

Nikaenda. Katibu kata hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mkoa wa mbali, kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi na kalamu tatu mfukoni, mtu wa kusema "ndugu" kila baada ya maneno manne. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ningependa kumchukia vizuri. Aliisoma fomu yangu, akafika kwenye ule mstari, akasimama. Nilikuwa nimeandika jina la mama.

"Ndugu Mwalimu, hapa panatakiwa mwanamume."

"Hakuna mwanamume, Ndugu Katibu."

"Sasa nyumba inajengwa ya nani?"

"Ya mke wa mama."

Aliweka kalamu chini. Akacheka kwanza, halafu alipoona sicheki akaacha. "Mwalimu, watoto kule shuleni unawafundisha nini?"

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili changu bora kabisa, kile cha chuoni, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyoona jambo ambalo kwetu ni la kawaida kama ugali likigeuka kuwa upuuzi mezani pake. Akaniuliza yule msichana ana mimba ya nani. Nikamwambia ni ya nyumba. Akashika kichwa.

"Mama yako ni mjane, tayari ana nyumba. Mjane mmoja, nyumba moja. Rudi ukajaze vizuri."

Nilirudi mara tatu. Mara ya kwanza hakuwepo, alikuwa kwenye semina. Mara ya pili alikuwepo lakini amezungukwa na watu wa pamba, akanipungia mkono nije kesho, na kesho yake mimi nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini darasani. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka hata kubishana. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, na kila nilipoyaona nilimwona yule mzee na fimbo yake. Nikasema tu, bila kufikiri, "Ndugu Katibu, nyumba ni ya wifi yangu. Wifi yangu anataka pa kukaa, basi."

Uso wake ukafunguka. "Ah! Ungesema hivyo tangu mwanzo! Wifi yako ni mke wa kaka yako. Kaka yako ni mkuu wa kaya nyingine, anayo haki ya kiwanja chake. Andika jina la kaka yako hapo."

Nilisimama na kalamu mkononi. Ningeweza kusema sina kaka. Lakini jina lake nilikuwa nalijua. Mama alikuwa nalo tangu anaolewa, jina la babu yetu mzaa baba, analitunza kwa ajili ya mtoto wa kiume wa kwanza. Siku ya harusi ya wifi wazee walilitamka mbele ya watu wote, kwamba huyu binti ni mke wa fulani. Wifi mwenyewe akiulizwa njiani yeye ni mke wa nani, alilitaja bila kupepesa macho. Kwa hiyo nilipoliandika sikuhisi hata kidogo kwamba nadanganya. Mwenyekiti, mtu wa ukoo wetu na kilemba kichwani kama kawaida yake, aliisoma fomu herufi moja moja, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa. Ndiye," akasema, akatia sahihi.

Yeye alikuwa mzee, tena wa kwetu, hakuwahi kufikiri vinginevyo. Mimi niliyekaa chuoni na kujifunza serikali inavyotumia majina, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Hilo kosa ni langu na sijawahi kumpa mtu mwingine.

Mjini nako kulikuwa na yake. Nililala kwa dada kule Nkende mara tatu kwa ajili ya ule muhuri. Siku moja mwenye ufunguo wa kabati alikuwa msibani. Siku nyingine kidau cha wino kilikuwa kimekauka, na karani alinieleza jambo hilo kwa upole sana, kama daktari anayempa mtu habari ya ugonjwa. Nilimwuliza kama naweza kutemea mate ndani yake kiloane. Hakuona kichekesho. Siku ya tatu muhuri ukagongwa, nusu yake nje ya karatasi, na nikatembea kutoka pale mpaka stendi ya malori nimekumbatia ile fomu kifuani kama mgonjwa niliyempokea kutoka hospitali.

Tulijenga kwenye kiwanja cha pili, pembeni ya cha mama, kwa siku kumi na moja. Fito zilitoka mtoni, nyasi zilitoka mlimani kwenye mahame yetu, na shangazi zangu walikandika udongo huku wakimtania wifi kwamba madirisha mawili ni ya kumchungulia mwanamume yupi. Nyumba ilikabiliana na barabara kama serikali ilivyotaka. Mvua ya kwanza ilianguka siku mbili baada ya paa kukamilika. Baba yake wifi alikuja, akazunguka nyumba mara mbili, akasukuma mlango, akauvuta, akausukuma tena. Kisha akakaa, akanywa pombe, akasema sasa sisi ni watu. Nilidhani yamekwisha.

Yalikuwa hayajaanza. Kila jina lililopata kibali liliingia kwenye daftari la kaya, na kila mkuu wa kaya alikuwa na kipande chake katika shamba la kijiji. Jumatano asubuhi katibu kata alisimama penye mti wa bendera akisoma majina, na aliyeitwa alijibu "Nipo," akapimiwa kipande chake kwa kamba. Jumatano ya kwanza ya kulima likasomwa jina la kaka yangu. Likasomwa mara ya pili. Mama, aliyekuwa amesimama mbele yangu na jembe lake begani, akainamisha kichwa.

"Hayupo?" katibu kata akauliza, akaandika.

Jumatano ya pili hayupo. Ya tatu hayupo. Mama akaomba alime vipande vyote viwili. Akakataliwa: yeye ni kaya nyingine, kila kaya ijibu yenyewe, tumeacha mambo ya watu kubebwa. Wiki ya nne barua ikaja. Ndugu fulani, aliyepewa kiwanja na kibali cha kujenga, ni mtoro wa kazi za kijiji. Asipojitokeza katika zamu mbili zijazo, nyumba yake itachukuliwa na kijiji na kupewa bwana shamba, ambaye alikuwa anatafuta mahali pa kukaa.

Nilikimbia kwa mwenyekiti na ile barua. Alikuwa anasokota kamba ya ng'ombe.

"Mzee, shikamoo. Wewe si unajua hayupo!"

"Marahaba. Najua hayupo."

"Na sahihi ulitia wewe."

"Nilitia kwa sababu ndiye mwenye mke. Lakini sasa karatasi inasema yupo, na wao wanafuata karatasi." Aliacha kusokota. "Mwalimu, hili ni jepesi. Andika kwamba amefariki. Mimi nitashuhudia. Nyumba itabaki kwa mjane wake, na daftari litakaa sawa."

Nakiri niliona ni akili kubwa. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja, nikachana karatasi katikati ya daftari la maandalio ya masomo, nikaandika barua fupi, safi, yenye masikitiko. Nikamletea mama wino atie dole gumba. Nikamsomea kwa Kikurya.

Aliusukuma wino kando, nikaanza kuona haya bila kujua ni ya nini.

"Nimemwolea mke," alisema. "Nimemjengea nyumba. Mtoto wake yuko njiani. Sasa unaniletea karatasi nimzike?"

"Mama, hakuzaliwa! Huwezi kumzika mtu ambaye hakuzaliwa!"

"Basi kama hakuzaliwa, huyu hapa ameolewa na nani?"

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba ndiye anayetupotezea nyumba kwa ukaidi, kwamba nimetembea mpaka viatu vimeisha, kwamba nimelala sakafuni kwa watu, kwamba nimefanya kila kitu mimi, mimi peke yangu, na sasa anashindwa kuchovya kidole. Nilipogeuka, wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake na ungo mkononi. Alikuwa amesikia yote. Sikumsemesha. Nilimpita nikaenda shuleni, nikawachapa watoto wawili waliokuwa hawana kosa.

Zamu moja ikapita, hayupo, ikafika Jumatano ya zamu ya mwisho. Ile barua ya kifo nilikuwa nayo mfukoni mwa gauni bila dole gumba, na nilikuwa nimeamua kutia dole langu mwenyewe na kumpa katibu kata baada ya majina. Bwana shamba naye alikuwepo, mtu mpole mwenye sanduku la bati, akiiangalia nyumba ya wifi kwa mbali kwa macho ya mtu anayepanga kitanda kitakaa wapi. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulinata miguuni.

Katibu kata akasoma. Akafika kwa mama, mama akajibu. Akasoma jina la kaka yangu.

"Nipo," mtu akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Wifi alikuwa ametoka kwenye kundi la wanawake, tumbo limemtangulia, jembe mkononi, akaenda kusimama mbele kabisa kwenye mstari wa wakuu wa kaya, kati ya wazee wawili. Nao walisogea kumpisha kama vile nafasi hiyo ilikuwa yake siku zote.

"Mama, nimeita jina la mwanamume," katibu kata akasema.

"Umeita jina la nyumba yangu," wifi akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika na alikisema taratibu, akiweka neno moja baada ya jingine. "Nyumba ile ni yangu. Kipande chake nalima mimi. Leta kamba, pima."

Katibu kata akageuka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama wazee. Mzee mmoja akasema kwa Kikurya kwamba hilo ni kweli, hilo ni jina la nyumba yake, na mwingine akakubali, na sauti ikapita kwa watu wote mpaka nyuma. Hakuna aliyecheka. Nilimwona yule kijana akiwatazama watu wazima zaidi ya mia, kila mmoja uso umetulia, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba kama kuna mtu mjinga pale, si hao. Akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi.

"Yupo," akasema, akaweka alama.

Nilimfuata wifi mpaka kwenye kipande chake. Alikuwa ameanza kulima, miguu ameipanua kwa sababu ya uzito, akikata udongo mweusi kwa mapigo mafupi. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakusema kwamba anaweza kufanya hivyo, kwa nini alituacha tukahangaika na wino na mihuri mpaka tukakosana na mama.

"Wifi," nikasema, "mbona hukuniambia?"

Hakuacha kulima.

"Hukuniuliza," akasema.